Pembe za Elki: Rekodi za Uta na Ubishi Unaoziandama

Ifikapo Septemba, milima ya magharibi mwa Marekani hurindima kwa milio ya madume ya elki yanayotafuta majike. Elki ni mnyama wa jamii ya kulungu. Dume lililokomaa hufikisha kilo 300 na zaidi, na pembe zake, ambazo hudondoka na kuota upya kila mwaka, zinaweza kufika kilo 18. Katika majimbo mengi huo ndio pia msimu wa wawindaji wa uta, kabla wenye bunduki hawajaruhusiwa kuingia porini. Wengi huenda kutafuta kitoweo. Wengine hutafuta nyara itakayowaingiza kwenye vitabu vya rekodi. Zifuatazo ni rekodi zinazotajwa zaidi, pamoja na hoja zinazogombaniwa.

Chimbuko la mbali zaidi

Mwaka 1911 Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi, alijitokeza mjini Oroville, California, akiwa peke yake na mwenye njaa. Daktari aliyemtibu, Saxton Pope, akawa rafiki yake, na Ishi akamfundisha kuchonga uta, kutengeneza mishale na kunyatia wanyama. Ishi alifariki mwaka 1916. Mwaka 1925 Pope na mwenzake Arthur Young walifunga safari hadi Tanganyika kuwinda simba kwa mishale, huku mwandishi Stewart Edward White akisimama kando na bunduki kwa tahadhari. Majina yao ndiyo yaliyopewa klabu ya Pope and Young, iliyoundwa mwaka 1961, ambayo hadi leo hutunza rekodi za uwindaji wa uta Amerika Kaskazini. Msingi wa rekodi hizo ni elimu ya mtu ambaye watu wake walikuwa wamekwisha kuangamizwa. Hilo halipaswi kusahaulika.

Pembe kubwa zaidi kwa mshale

Ili kuingia kitabu cha Pope and Young, pembe za elki za umbo la kawaida zinahitaji alama 260. Septemba 2016, katika wilaya ya Powder River, Montana, mwindaji mmoja alilipiga mshale dume lililopata alama 430, rekodi ya dunia ya uta kwa pembe za aina hiyo. Mkoba mnene haukuhitajika: dume lile lilipatikana kwenye ardhi ya umma, ambako yeyote mwenye leseni anaweza kuwinda.

Tofauti ndogo kuliko zote

Mpimaji hungoja siku 60 ili pembe zikauke. Kisha huchukua utepe mwembamba wa chuma na kupima urefu wa kila pembe kuu, kila tawi, unene wa pembe mahali panne na nafasi iliyopo kati ya pembe mbili, yote kwa vipimo vya 1/8 ya inchi. Jumla ya inchi hizo ndiyo alama za pembe. Upande mmoja ukizidi mwingine, tofauti hukatwa. Kanuni hii inawaudhi wengi: kwa nini mnyama anyang'anywe inchi alizoziotesha mwenyewe? Watetezi wake hujibu kwamba ulinganifu ni dalili ya afya.

Kwa silaha zote, rekodi ya pembe za kawaida inashikiliwa na dume lililouawa na Alonzo Winters huko Arizona mwaka 1968: inchi 442 na 5/8. Pembe hizo zilikaa karibu miaka 30 bila kupimwa rasmi. Zilipopimwa, ziliipiku rekodi ya dume la Colorado la mwaka 1899, lenye inchi 442 na 3/8. Pengo ni milimita sita na kidogo.

Kibali ghali na ubishi mkubwa

Mwaka 2008, katika mlima Monroe wa Utah, dume lililopewa jina la Buibui kwa jinsi pembe zake zilivyotawanyika liliuawa kwa bunduki. Alama zake ni 478 na 5/8, rekodi ya dunia kwa pembe zisizo za kawaida. Aliyelipiga alikuwa amelipa dola 150,000 kwa kibali maalumu cha jimbo. Watetezi wa vibali hivyo husema fedha zake hugharimia uhifadhi. Wapinzani wanauliza: ikiwa wanyama ni mali ya umma, iweje dume bora liende kwa mwenye fedha? Pande zote mbili zina hoja. Hata hivyo naona vibali hivyo vinapaswa kubaki vichache, na wananchi waonyeshwe kila dola ilikokwenda.

Uzio

Dume hilo la Utah lilizua shaka nyingine: je, lilitoka shambani? Boone and Crockett, klabu inayotunza rekodi za silaha zote na iliyoasisiwa na Theodore Roosevelt na wenzake mwaka 1887, ililikubali kuwa la porini. Shaka ilikuwa na msingi, kwa sababu kuna mashamba ambako elki huzalishwa kwa ajili ya pembe na kuuawa ndani ya uzio. Klabu zote mbili hukataa nyara za namna hiyo. Wapiga kura wa Montana walikwenda mbali zaidi mwaka 2000: walipiga marufuku kulipisha watu ili wawapige wanyama wa mashamba hayo. Walifanya vizuri.

Teknolojia na jeraha

Uta wa kapi, uliobuniwa na Holless Allen katika miaka ya 1960, humwezesha mpigaji kuvuta ugwe hadi mwisho na kuushikilia kwa sehemu ndogo tu ya nguvu yake. Kwa muda mrefu Pope and Young ilikataa nyuta zinazopunguza uzito huo kwa zaidi ya asilimia 65, kisha ikalegeza msimamo. Arizona nayo ilipiga marufuku kamera za porini kwa ajili ya uwindaji kuanzia 2022.

Hoja nzito kuliko zote ni jeraha. Mshale huua kwa kuvujisha damu. Ukipita kwenye mapafu, mnyama huanguka upesi; ukikosea, anaweza kukimbia na kuteseka. Mwaka 2015 dunia nzima ilishuhudia hasira juu ya simba Cecil wa Zimbabwe, aliyejeruhiwa kwa mshale na kufa saa nyingi baadaye. Mpigaji asiye na uhakika wa umbali hana haki ya kuachia ugwe.

Rekodi iliyo bora

Elki wa asili wa Arizona walitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1913 elki wa Yellowstone walisafirishwa kwa treni hadi huko, na uzao wao ndio uliotoa dume la mwaka 1968. Leo Amerika Kaskazini ina elki takriban milioni moja. Leseni za wawindaji na kodi ya asilimia 11 ya vifaa vya uta, iliyoanza miaka ya 1970, zimechangia mafanikio hayo.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977. Tanzania inauruhusu kwa vibali. Popote uliposimama katika mjadala huo, ukiona picha ya mtu ameshika pembe, usianze na idadi ya inchi. Uliza kama mnyama alikuwa na njia ya kukimbia, kama alikufa upesi na kama nyama yake ililiwa. Jibu likiwa hapana hata kwa swali moja, rekodi hiyo haistahili kuandikwa.