Peugeot 504: Gari lililotawala barabara za Meru na Embu, na sababu za kutoweka kwake

UKIPITA katika vijiji vya Runyenjes, Chuka au Nkubu, huenda ukaliona chini ya mti wa mukima: bodi ndefu iliyofifia rangi, magurudumu yasiyo na upepo, na kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Hilo ni Peugeot 504, gari ambalo wakazi wa eneo hili huliita Pijo, na ambalo kwa miaka mingi lilikuwa ishara ya mtu aliyefanikiwa maishani.

Siku hizi ni nadra kuliona barabarani. Vijana wengi wanalifahamu kupitia picha za harusi za wazazi wao tu. Hata hivyo, katika boma nyingi za Meru na Embu lipo swali ambalo halijapata jibu: je, gari la mzee liuzwe kama vyuma vikuukuu, au lifufuliwe?

Kabla ya kulijibu swali hilo, ni vyema kufahamu gari hili lilitoka wapi, lilipendewa nini, na hasa ni kwa nini lilitoweka ilhali injini yake ilikuwa bado inanguruma.

Jina lililojengwa matopeni

Sifa za 504 zilitokana na kaka yake mkubwa, Peugeot 404, lililozinduliwa nchini Ufaransa mwaka 1960. Mwaka 1963, mashindano ya magari ya East African Safari, yaliyofanyika msimu wa Pasaka, yalikumbwa na mvua kubwa kiasi kwamba kati ya magari 84 yaliyoanza safari, ni saba pekee yaliyofika mwisho. Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff waliibuka washindi wakiwa ndani ya 404.

Bert Shankland na Chris Rothwell, waliotokea Tanzania, walishinda kwa gari la aina hiyo hiyo mwaka 1966 na 1967. Mwaka uliofuata Nowicki na Cliff wakarejea kileleni, na safari hiyo pia magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu.

Kwa mkulima wa Embu au Meru, ushindi huo haukuwa habari ya michezo pekee. Msimu wa Pasaka ni msimu wa masika, na matope yaliyowashinda madereva mashuhuri ni yale yale aliyokabiliana nayo alipotaka kuwapeleka watoto shuleni au kumfikisha mgonjwa hospitalini. Gari lililoweza kuyapita matope hayo lilikuwa limejitangaza lenyewe.

Peugeot 504 lilizinduliwa mwaka 1968, umbo lake likiwa limechorwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia. Mwaka 1969 lilitunukiwa taji la gari bora la mwaka barani Ulaya. Katika Safari Rally lilishinda mwaka 1975, likiendeshwa na Ove Andersson wa Uswidi, na tena mwaka 1978 likiwa mikononi mwa Mfaransa Jean-Pierre Nicolas.

Kutoka Mombasa hadi mashambani

Katika miaka ya 1970 Serikali ya Kenya iliamua kwamba magari yaunganishwe humu nchini badala ya kuagizwa yakiwa yamekamilika. Viwanda vitatu vikaanzishwa: kimoja Thika, kingine Nairobi, na cha tatu, Associated Vehicle Assemblers, mjini Mombasa. Magari ya Peugeot yalikuwa miongoni mwa yale yaliyounganishwa humu nchini, vipande vyake vikiletwa kutoka ng'ambo. Inakadiriwa kwamba magari 27,000 ya 504 yaliunganishwa nchini Kenya.

Uamuzi huo uliambatana na neema ya kahawa. Julai 1975 baridi kali iliharibu mikahawa ya Brazil, na bei ya zao hilo duniani ikapanda hadi kufikia kilele mwaka 1977. Meru na Embu ni miongoni mwa sehemu za kwanza nchini ambako Waafrika waliruhusiwa kukuza kahawa katika miaka ya 1930, na kwa hivyo mikahawa ilikuwa tayari inazaa neema hiyo ilipobisha hodi. Fedha zilizopatikana zilijenga nyumba za mabati, zikalipa karo, na kwa wachache zikanunua gari.

Mjini Embu kulikuwa na sababu nyingine. Mji huo ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki hadi mfumo wa kaunti ulipoanza mwaka 2013. Peugeot lenye nambari za GK lilikuwa gari la kawaida la maafisa wa Serikali, na raia alipoliona likiegeshwa nje ya ofisi za mkoa, hakuhitaji kuelezwa kwamba aliyemo ni mkubwa.

Wamiliki walilisifia nini?

Wenye kulikumbuka gari hili huanza na ulaini wake. Springi zake zilikuwa ndefu na viti vyake vinene, hivyo shimo ambalo lingemrusha abiria wa gari jingine lilihisiwa kama wimbi dogo tu. Sehemu ya chini ya gari ilikuwa juu vya kutosha kupita kwenye barabara za mashambani zilizochimbwa na maji ya mvua.

Sifa ya pili ni nafasi. Lile la familia lilirefushwa nyuma na kuwekwa safu tatu za viti, huku pikapu yake ikiweza kubeba zaidi ya tani moja. Kwa wakazi wa sehemu hizi, gari la aina hiyo lilikuwa la kanisani Jumapili, la kupeleka mazao sokoni Jumatatu, na la kubebea wageni siku ya mahari. Katika Nyambene, ambako miraa ikishachumwa haina subira, pikapu za Peugeot zilikuwa miongoni mwa magari yaliyokimbiza mzigo huo kabla ya Toyota Hilux kuitawala kazi hiyo.

Sifa ya tatu, na pengine iliyo kubwa zaidi, haikuonekana kwa macho ya mpita njia. Injini ya petroli ya 504 iliundwa kwa namna ambayo mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka inaweza kung'olewa na kuwekwa mingine mipya. Katika injini nyingi za aina nyingine, mirija ikilika ni lazima injini nzima ipelekwe kwenye karakana yenye mashine ya kuchonga chuma. Kwa 504, fundi wa jua kali mwenye vifaa vya kawaida aliweza kuifungua chini ya mti, akabadilisha mirija na pistoni, na injini ikaanza maisha mapya.

Ndiyo sababu gari moja liliweza kurithiwa na mtoto kutoka kwa baba likiwa limesafiri masafa yasiyohesabika. Pia ndiyo sababu kila soko kubwa kati ya Embu na Maua lilikuwa na fundi aliyejulikana kwa kazi hiyo. Mmiliki hakununua gari peke yake. Alinunua pia ujuzi uliokuwa umetapakaa kila mahali.

Matatu ya watu wenye haraka

Kwa wasio na uwezo wa kulinunua, 504 lilikuwa gari la abiria. Biashara ya matatu ilipata idhini mwaka 1973 kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta, na pikapu za Peugeot 404 zilizowekewa mabenchi na paa zikawa miongoni mwa matatu za mwanzo. Baadaye 504 la safu tatu likachukua safari za mbali.

Lilikuwa na nauli ya juu kuliko basi, lakini lilijaa upesi na kuondoka upesi. Abiria wa Embu aliyetaka kufika Nairobi, umbali wa takriban kilomita 120, hakulazimika kungoja viti 60 vijae.

Lakini si haki kulikumbuka kwa sifa tu. Gari lililokusudiwa abiria saba mara nyingi lilibeba tisa au zaidi, wengine wakiwa wamepakatana. Mikanda ya usalama kwa abiria wa nyuma haikuwa jambo la kawaida. Barabara ya kutoka Embu kwenda Meru ina miteremko mikali inayoishia kwenye mito itokayo Mlima Kenya, ikiwemo Thuci na Nithi. Daraja la Nithi lingali linaogopwa hadi leo. Julai 2022 basi la abiria lilitumbukia hapo na zaidi ya watu 30 wakafariki dunia. Gari lililojazwa kupita kiasi, likiwa na breki zilizochoka, katika miteremko kama hiyo lilikuwa mtihani kwa kila aliyemo.

Wamiliki nao walikuwa na malalamiko yao. Usukani ulikuwa mzito gari likiwa linaegeshwa. Kutu ilipenda kuingia sakafuni na chini ya milango. Kichwa cha injini, ambacho kilikuwa cha aluminiamu, kilipinda endapo dereva aliendelea na safari maji yakiwa yamekwisha. Kabureta ilihitaji mkono wa mtu anayeielewa, vinginevyo gari lilikunywa mafuta kama ng'ombe aliyefika mtoni wakati wa kiangazi.

Kilichomaliza enzi yake

Wengi hudhani kwamba 504 liliondoka kwa sababu ya uzee. Ukweli ni kwamba mambo kadhaa yalikutana.

Kwanza, mfuko wa mkulima ulitoboka. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliodhibiti mauzo ya kahawa ulivunjika na bei zikaporomoka. Mtu aliyeweza kuagiza gari jipya kwa malipo ya kahawa sasa alihangaika kupata karo.

Pili, katika miaka ya 1990 soko lilifunguliwa, na magari yaliyokwisha kutumika yakamiminika kutoka Japani na Dubai. Toyota au Nissan iliyotumika kwa miaka michache ilikuwa nafuu kuliko Peugeot mpya iliyounganishwa nchini, na ilikunywa mafuta kidogo. Kwa wenye matatu, Nissan ya abiria 14 ilileta takriban mara mbili ya nauli katika safari ile ile moja.

Tatu, sheria ilibadilika. Kanuni za usalama zilizotolewa na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilianza kutekelezwa Februari 2004. Kila matatu ilitakiwa kuwa na mikanda kwa abiria wote, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano ubavuni. Kwa mwenye 504 kuukuu, gharama hiyo haikuwa na maana tena.

Mwaka huo huo wa 2004, kuunganishwa kwa 504 nchini Kenya kulifikia kikomo. Ufaransa yenyewe ilikuwa imeacha kuunda lile la kawaida tangu mwaka 1983, na pikapu mwaka 1993. Nigeria, iliyounganisha takriban 425,000, iliendelea kwa muda mfupi zaidi.

Kwa sadfa, ni mwaka 2004 pia ambapo kampuni ya General Motors iliizika chapa ya Oldsmobile huko Marekani, baada ya miaka 107. Wamiliki wa Oldsmobile walijikuta katika hali wanayoijua vyema wenye Pijo: gari ni zima, lakini aliyeliunda ameshaondoka. Tofauti ni kwamba Peugeot kama kampuni bado ipo, na mwaka 2017 magari yake mapya yalianza kuunganishwa Thika. Hata hivyo, hayo si magari ambayo fundi wa kijijini anaweza kuyafungua chini ya mti.

Liuzwe au lifufuliwe?

Kwa familia yenye 504 bomani, mafundi hushauri kwamba uchunguzi uanzie chini na si kwenye injini. Injini iliyokwama inaweza kufunguliwa na mirija yake kubadilishwa, mradi vipuri vipatikane. Lakini sakafu na sehemu zinazoshikilia springi zikiwa zimeliwa na kutu, gharama ya kuchomelea inaweza kupita thamani ya gari, na usalama wake utabaki wa mashaka.

Jambo la pili ni stakabadhi. Iwapo daftari la umiliki limeandikwa jina la marehemu, gari hilo ni sehemu ya urithi. Haliwezi kuuzwa kihalali, hata kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, kabla ya familia kufuata taratibu za mirathi mahakamani. Ndugu wengi wamekosana kwa sababu mmoja wao aliharakisha kuuza.

La tatu ni kumtafuta fundi mapema. Waliojifunza kazi yao kwenye 404 na 504 sasa ni wazee, na vijana walio gereji wanasomea magari yanayotambuliwa hitilafu kwa kompyuta. Anayetaka kulifufua gari la babake afanye hivyo wakati mikono inayolijua ingalipo, na ikiwezekana, kijana akae kando akitazama.

Barabarani, kazi ya 504 imechukuliwa na Toyota Probox, ambayo leo hubeba abiria, miraa, ndizi na maziwa katika njia zile zile, na mara nyingi kwa ujazo ule ule wa kupita kiasi. Nayo itafika siku yake ya kusimama chini ya mti. Historia ya Pijo inatufunza kwamba siku hiyo haitaamuliwa na injini peke yake, bali na vipuri, sheria, bei ya mazao, na fundi aliye tayari kuinua boneti.