NMB Ilivyovuka: Kazi Iliyofanyika Kabla ya Mauzo

Mwaka 1997 Serikali ya Tanzania iliigawa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, mafungu matatu. Fungu moja lilibaki na jina la NBC, likachukua biashara kubwa kubwa na kuandaliwa kuuzwa. La pili likawa shirika la kushika mali zilizosalia. La tatu likaitwa National Microfinance Bank, jina ambalo wananchi hawakukawia kulifupisha kuwa NMB. Hili lilirithi matawi yanayokaribia 100, mengi yakiwa kwenye miji ya wilaya, pamoja na akiba za walimu, wauguzi, wastaafu na wafanyabiashara wa sokoni. Ruhusa ya kukopesha ilikuwa finyu mno.

Leo NMB ni moja ya benki mbili kubwa kuliko zote nchini, na simulizi yake husemwa kwa mkato: benki ya serikali ilikuwa hoi, akaja mwekezaji, ikapona. Mkato huo unaruka miaka ya katikati, na humo ndimo kiongozi yeyote wa taasisi iliyotikiswa angepata cha kujifunza. Mwekezaji alikuja mwaka 2005. Benki aliyoinunua ilikuwa imekwisha kusimama.

Turudi nyuma kidogo. NBC ilizaliwa Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, benki binafsi zilipotaifishwa na shughuli zake kuunganishwa. Kwa zaidi ya miaka 20 ndiyo iliyokuwa benki kwa Mtanzania wa kawaida. Ilikopesha mashirika ya umma na vyama vya ushirika, mara nyingi kwa sababu ilielekezwa kukopesha. Mazao yaliponunuliwa kwa hasara na viwanda vilipozalisha chini ya uwezo, madeni yalibaki kwenye vitabu vya benki. Tume iliyoongozwa na Charles Nyirabu, aliyekuwa gavana wa Benki Kuu, ilichunguza mfumo mzima wa fedha, na mwaka 1991 sheria mpya ikafungua mlango kwa benki binafsi. Madeni mabaya yakahamishiwa kwenye chombo maalumu cha kuyakusanya, maelfu ya wafanyakazi wakapunguzwa, baadhi ya matawi yakafungwa. Hata hivyo NBC iliendelea kupata hasara, ndipo ikaja hatua ya kuigawa.

Mtumishi wa tawi la wilaya aliyabeba yote hayo kwa miaka mfululizo. Alikwisha kuona wenzake wakiondoka na viinua mgongo, akaona jina la benki yake likibadilishwa, akasikia kwamba upande wenye thamani umekwenda kwingine na yeye kabaki upande wa pili. Mwaka 2000 ABSA ya Afrika Kusini ikanunua asilimia 55 ya hisa za NBC mpya. Kwa wale wa NMB habari hiyo ilithibitisha walichokuwa wakikihisi.

Tuliangalie tawi lenyewe lilivyokuwa likifanya kazi. Mwisho wa mwezi mwalimu alipanda lori au basi kutoka kijijini, akalala mjini kwa ndugu, alfajiri akapanga foleni. Ndani kulikuwa na keshia, karani wa leja na meneja ambaye sahihi yake ilihitajika karibu kila mahali. Mwalimu alitoa mshahara wake karibu wote kwa mkupuo, maana hakutaka kurudia safari ile. Siku zilizobaki za mwezi tawi lilipwaya. Gharama lakini hazikupwaya: mlinzi, umeme, ukarabati wa jengo, askari wa kusindikiza fedha. Na kwa kuwa tawi halikukopesha, fedha zilizokusanywa wilayani zilipanda kwenda makao makuu na sehemu kubwa ikawekezwa kwenye dhamana za serikali. Mama muuza dagaa aliyeweka akiba pale hakuwa na namna ya kukopa hata shilingi moja pale pale.

Kwa hesabu za kawaida za urekebishaji, matawi ya aina hiyo hufungwa. Mshauri hupanga orodha kutoka lenye faida hadi lenye hasara, akapiga mstari katikati, na chini ya mstari ndiko kwenye kufunga. Mwaka 1999 uendeshaji wa NMB ulikabidhiwa kwa mkataba kwa kampuni ya Marekani, Development Alternatives, na njia iliyofuatwa ilikuwa nyingine. Matawi yaliachwa wazi, yakaongezewa kazi. Kampuni hiyo hiyo ilikabidhiwa Benki ya Kilimo ya Mongolia wakati unaokaribiana na huo, nayo ilikuwa benki ya vijijini iliyofilisika, na huko pia mtandao wa matawi ulipanuliwa badala ya kukatwa. Benki hiyo ikanunuliwa na kampuni ya Kijapani mwaka 2003. Nchi hizo mbili zina historia tofauti kabisa, kwa hiyo kufanana kwa njia kuna uzito.

Mantiki yake si ngumu. Gharama za tawi tayari zinalipwa. Ukiingiza huduma ya pili na ya tatu chini ya paa lile lile, kwa watumishi wale wale, kila shilingi inayoongezeka hukuta gharama kubwa zimekwisha kubebwa. Swali la kwanza la uongozi kwa hiyo linageuka. Badala ya kuuliza tawi lipi lina hasara, unauliza tawi hili limekatazwa kufanya nini ambacho majirani zake wanakihitaji. Jibu la NMB lilikuwa mikopo midogo.

Mikopo hiyo ilihitaji ujuzi ambao benki ya zamani haikuwa nao. Mkopeshaji wa mashirika ya umma alisoma barua kutoka wizarani. Afisa wa mikopo midogo huenda dukani. Huhesabu magunia, hutazama daftari la mauzo kama lipo, huuliza jirani mwenye kibanda, huangalia mteja anauza nini mwezi wa kilimo na nini mwezi wa mavuno. Mkopo wa kwanza huwa mdogo na wa muda mfupi. Anayerejesha vizuri hupata mkubwa zaidi. Dhamana ya kweli ni hamu ya mkopo unaofuata. Mtu aliyezoea kukaa nyuma ya kioo akigonga mihuri anaweza kujifunza kazi hiyo, na wengi walijifunza, lakini inambidi kwanza akubali kwamba kazi aliyoijua imekwisha.

Hapo ndipo mipango mingi ya mabadiliko hukwama. Mwandishi wa Marekani William Bridges alitenganisha mambo mawili ambayo viongozi huyachanganya. Kuna badiliko la nje, ambalo lina tarehe: kampuni imeunganishwa, mfumo mpya umewashwa, idara imefutwa. Na kuna mwendo wa ndani wa watu, ambao hauna tarehe, na ambao kwa maelezo yake huanza na kumaliza cha zamani, hupita kwenye kipindi cha kutangatanga, kisha hufika kwenye mwanzo mpya. Mkurugenzi huwa amepita hatua zote hizo miezi mingi kabla, kwenye vikao vya bodi. Anapowatangazia wafanyakazi yeye yuko ng'ambo tayari, na huona ajabu kwamba wao bado wanalia. Sisi tunajua msiba una matanga yake, na hakuna anayemwambia mfiwa siku ya mazishi kwamba kesho asubuhi awe amechangamka. Ofisini tunasahau.

Matokeo yake yanaonekana kwenye mkutano wa wafanyakazi. Bosi huzungumza saa nzima juu ya dira mpya, kisha huuliza kama kuna swali. Ukumbi unanyamaza. Mmoja anasimama kuipongeza menejimenti. Mkutano unafungwa, na maswali yenyewe yanaanza kwenye korido, kwenye kantini, siku hizi kwenye kundi la WhatsApp ambalo bosi hayumo: nani anapunguzwa, ngazi yangu ya mshahara itakuwaje, nitahamishwa wilaya gani na watoto wako shule. Ukimya ule wa ukumbini huandikwa kwenye muhtasari kama maafikiano. Kwa maoni yangu ni dalili mbaya kuliko mgomo, maana kwenye mgomo walau watu wanasema wanachokitaka.

John Kotter, ambaye kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu kuongoza mabadiliko kimesomwa na mameneja wengi duniani, huanza hatua zake 8 kwa kujenga hisia ya uharaka. Sipingi. Lakini mahali ambapo watu wamekwisha kuona mawimbi mawili matatu ya kupunguzwa kazi, uharaka haupungui kamwe. Kilichopungua ni imani. Kuwaambia wa namna hiyo kwamba nyumba inaungua kunawafanya wafiche makosa, washike mafaili yao kifuani na wasubiri. Wanachohitaji ni kuambiwa wazi kinachokwisha, kinachobaki, na uamuzi upi sasa uko mikononi mwao. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Pale tawi linapoweza kuidhinisha mkopo mdogo bila kusubiri barua kutoka Dar es Salaam, mabadiliko hayahitaji kuelezwa tena kwa hotuba.

Upo mfano wa karibu kutoka Kenya. Equity ilianza mwaka 1984 kama chama cha kukopesha ujenzi wa nyumba, na kufikia mwaka 1993 Benki Kuu ya Kenya iliiona kuwa imefilisika kwa hesabu: zaidi ya nusu ya mikopo yake ilikuwa haina uhai. James Mwangi alipojiunga nayo na baadaye kuiongoza, kosa lililosahihishwa lilikuwa la msingi. Mikopo ya muda mrefu ya nyumba ilikuwa ikitolewa mahali ambapo wateja waliofika mlangoni walikuwa wakulima wadogo na wachuuzi wenye mzunguko wa wiki na miezi. Huduma zikafuata kipato cha mteja kinavyoingia. Mwaka 2004 ikawa benki kamili, na mwaka 2006 hisa zake zikaingia kwenye soko la Nairobi. Jengo refu na nembo mpya vilikuja baadaye sana.

Jambo moja linatenganisha NMB na Equity, nalo lisipotajwa uchambuzi huu utakuwa na kasoro. NMB ilikuwa mali ya serikali. Mameneja wa kigeni, hata wangekuwa hodari namna gani, wasingefua dafu kama simu za kuagiza mkopo wa fulani zingeendelea kulia. Ilibidi mwenye mali ajizuie. Tunapenda kumtazama nahodha, lakini nahodha anayevutwa usukani kila dakika hafiki popote. Kiongozi anayeteuliwa kufufua taasisi ya umma angefanya vyema kuyajadili hayo na mwenye mali kabla ya kukubali kazi, kwa maandishi: nani anaajiri, nani anafukuza, nani anaidhinisha bei, na bodi itaingilia lini. Akishaingia ofisini nguvu yake ya kudai hayo hupungua kila mwezi.

Mwaka 2005 kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi lilinunua asilimia 49 ya NMB, na mwaka 2008 hisa zake zikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ilikuwa imepita miaka 8 tangu kugawanywa kwa NBC hadi kupatikana kwa mbia. Naiona subira hiyo kuwa uamuzi wenye faida. Kilichouzwa kilikuwa benki iliyokuwa ikitoa mikopo wilayani, na wafanyakazi waliokwisha kubadilika wenyewe kabla bango la mlangoni halijabadilishwa.

Tufani ya pili ilikuja bila kutangazwa na serikali yoyote. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008, na kampuni nyingine za simu zikafuata. Ghafla mwalimu wa kijijini aliweza kupokea na kutuma fedha kwenye kibanda kilicho hatua chache kutoka shuleni. Mtandao wa matawi ulioiokoa NMB ukawa tena shakani, safari hii kwa sababu mteja hakuwa na haja ya kufika. Benki zilizofahamu mapema zilifuata njia ya mshindani wao: huduma kwenye simu, kisha mawakala wenye maduka, baada ya Benki Kuu kutoa mwongozo wa uwakala mwaka 2013. Miamala mingi ya kawaida imehamia nje ya tawi.

Kwa hiyo kazi ya tawi imebadilika mara ya pili katika muda ambao mtumishi mmoja anaweza kuuona wote kabla ya kustaafu. Kuweka na kutoa fedha kumehamia kwa wakala; kilichobaki dirishani ni malalamiko, mikopo mikubwa kidogo, akaunti za biashara, mjane anayefuatilia mirathi. Hayo yote yanahitaji mazungumzo, na mazungumzo yanahitaji mtu aliyefunzwa. Keshia aliyehesabu noti kwa miaka 15 anaweza kuwa mshauri mzuri wa wafanyabiashara wadogo, maana anawajua kwa majina na anajua nani fedha zake huingia lini. Lakini hawezi kuwa hivyo kwa semina ya siku 2. Anahitaji miezi ya kukaa na afisa mikopo mzoefu, aruhusiwe kukosea kwenye mikopo midogo, na ahakikishiwe kwamba mshahara wake hautashuka wakati anajifunza. Katika bajeti gharama hiyo huandikwa chini ya kifungu cha mafunzo, ambacho kwa kawaida hukatwa mapema mapato yanaposhuka. Bodi inayopiga kalamu hapo huwa imekwisha kuamua nani ataondoka, hata kama haijakaa kikao cha kupunguza wafanyakazi.