Mjusi na Mkia Wake

Siku moja wavulana wawili walimkuta mjusi ukutani mwa shule. Mmoja akamshika mkia. Mara mkia ukabaki mkononi mwake, ukirukaruka. Akautupa chini na kulia: «Ana sumu!» Je, alisema kweli?

Mjusi huyu mnamjua. Ana rangi ya udongo, na magamba yake yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Midomoni ana madoadoa meupe. Mwili wake ni mrefu kama kidole, lakini mkia ni mrefu kuliko mwili. Katika Kongo anakaa kandokando ya msitu, mbugani penye miti, hata katika nyumba zetu.

Asubuhi anaota jua. Si uvivu. Mwili wake haujiletei joto kama wetu. Kwanza apate joto la jua, ndipo apate nguvu za kukimbia na kuwinda. Anakula panzi, mende na buibui. Jike hutaga mayai mahali palipofichika.

Adui zake ni wengi: ndege, nyoka, paka. Adui akimshika mkia, mjusi anaukata mwenyewe. Mifupa ya mkia ina mahali palipowekwa tayari kwa kukatika, na damu inatoka kidogo tu. Mkia unarukaruka, adui anautazama, naye mjusi anakimbia.

Baadaye mkia mwingine unaota. Lakini ndani yake hamna mifupa migumu, ila kitu laini kama kile kilicho ndani ya sikio lako. Tena mkia ni ghala yake: humo anaweka mafuta ya siku za njaa. Anayempokonya mkia kwa mchezo anampokonya akiba yake. Kesho mwewe akija, mjusi hana tena cha kumwachia.

Na sumu? Hana. Katika ukoo wake mna aina zaidi ya 1500 duniani, na hakuna hata moja yenye sumu. Lakini msitie mkono shimoni kumtafuta: pengine nyoka yumo.

Watoto, Mungu alimpa mnyama huyu mdogo njia ya kuokoa maisha yake. Tusiiharibu kwa kucheza. Mwacheni ale mende wenu.

Maulizo
1. Kwa nini mjusi anaota jua?
2. Mkia unamsaidia namna gani?
3. Yule mvulana alikosa nini?