Mganda wa Liuli

Ukipanda basi Mbinga kwenda Mbamba Bay, unaanza safari na sweta. Kule juu ni Umatengo, kahawa na mashimo ya ngoro yaliyochimbwa kwenye miteremko ili udongo usiondoke na mvua. Ukifika chini kando ya Ziwa Nyasa, kwenye miembe na mihogo, sweta imeshaingia kwenye mfuko. Hapo ni kwa Wanyasa. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, lakini biashara haikumegwa: maharage yanashuka, usipa, dagaa wa ziwani, unapanda.

Usipa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Alfajiri wanawake wako ufukweni na mabeseni, bei inapatanwa kabla mtumbwi haujagusa mchanga vizuri. Kisha ni chanja za kuanikia. Mwenye samaki anawatandaza kwa kiganja, mtoto ameshika kijiti cha kufukuzia kuku. Mbalamwezi ikitoka, kazi inalala. Upepo wa mwera ukivuma katikati ya mwaka, ziwa linachafuka na wanaume wanabaki kivulini wakishona nyavu. Ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 700 halichezewi.

Kaskazini ya Mbamba Bay iko Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake unaofanana na Sfinksi. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilitokea ng'ambo ya ziwa ikaipiga mizinga Hermann von Wissmann, meli ya Wajerumani iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kufanyiwa matengenezo. Manahodha wa meli hizo mbili, Rhoades Mwingereza na Berndt Mjerumani, walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Berndt hakuwa na habari kwamba kuna vita; husimuliwa kwamba alipiga kasia hadi kwenye Gwendolen kumuuliza mwenzake kama amelewa. Akachukuliwa mateka hapo hapo.

Wazungu wameyaandika hayo vitabuni. Wanyasa nao wana ngoma yao, mganda. Wanaume wanajipanga mistari, kaptula nyeupe, soksi hadi magotini, filimbi inalia, hatua ni za gwaride la askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza. Vibuyu vinaimba badala ya tarumbeta. Wanawake wana kioda yao, na mimi naona kioda ina mashairi makali zaidi, ingawa wanaume hawatakubali. Wapo wanaouita mganda uigaji tu. Sikubaliani nao: aliyeburutwa vitani kubeba mizigo ya watu wengine, kisha akaligeuza gwaride lao kuwa furaha ya kijiji, huyo hakuiga.

Kanisa nalo lilikuja kwa maji. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, waliweka makao Likoma, kisiwa ambacho leo ni cha Malawi, na kanisa kuu lake lilianza kujengwa 1903. Ndiyo maana Waanglikana ni wengi pwani hii, na familia nyingi zina shangazi au mjomba ng'ambo.

Ukifika Liuli, mwamba utauona mwenyewe. Wewe uliza mganda unachezwa kijiji gani.