Kopo la vitamini E halilindi tezi dume

Swali hili haliishi katika kliniki za lishe: "Daktari, ni vitamini E na seleniamu ya kampuni gani inayolinda tezi dume vizuri zaidi?" Muulizaji ameshaamini kwamba kidonge kinalinda, kilichobaki kwake ni kuchagua kopo. Imani hiyo imeshapimwa kwa wanaume zaidi ya 35,000, na imeshindwa.

Kwamba mwili unavihitaji virutubisho hivi, hakuna ubishi. Vitamini E hukinga mafuta yaliyo kwenye utando wa seli, na seleniamu ni sehemu ya vimeng'enya vinavyovunja peroksidi. Huko Keshan, kaskazini mashariki mwa China, upungufu wa seleniamu ulihusishwa na ugonjwa wa moyo ulioua watoto na wanawake, na kuwapa watu seleniamu kulipunguza maradhi hayo. Lakini hao walipungukiwa. Kumwongezea mtu asiyepungukiwa ni habari nyingine kabisa.

Hoja ya wauzaji inavutia: seli zikiharibika huzaa saratani, antioksidanti kama vitamini E na seleniamu huzuia uharibifu, basi antioksidanti huzuia saratani. Watafiti nao waliona inawezekana, ndiyo maana wakaijaribu. Jaribio la SELECT lilianza mwaka 2001 Marekani, Kanada na Puerto Rico. Wanaume 35,533 waligawanywa makundi manne yaliyokaribiana ukubwa: wa seleniamu mikrogramu 200 kwa siku, wa vitamini E yuniti 400, wa vyote viwili, na wa vidonge visivyo na kitu. Oktoba 2008 wote waliambiwa waache kumeza, kwa kuwa faida haikuonekana. Waliendelea kufuatiliwa, na mwaka 2011 yakatoka matokeo mabaya zaidi: kundi la vitamini E peke yake lilikuwa na wagonjwa 620 wa saratani ya tezi dume; kundi la vidonge vitupu, 529. Hatari ilipanda kwa asilimia 17. Seleniamu nayo haikukinga.

Dozi hiyo ya vitamini E, iliyotengenezwa kiwandani, ni kama mara 12 ya miligramu 15 anazohitaji mtu mzima kwa siku. Bado inauzwa kama kinga!

"Si vitamini tu, itadhuru nini?" Inadhuru. Vitamini E nyingi huongeza hatari ya kuvuja damu, hasa kwa anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Seleniamu ikizidi, nywele hunyonyoka, kucha hukatika na pumzi hunuka kitunguu saumu. Mahitaji ni mikrogramu 55 tu kwa siku.

La kufanya ni hili. Seleniamu: dagaa, samaki, mayai, maini. Vitamini E: mafuta ya alizeti, karanga, mboga za majani. Mwenye maradhi yanayozuia mwili kufyonza mafuta aandikiwe dozi na daktari. Mwanamume aliyefika miaka 50, au mapema zaidi kama baba au ndugu yake aliugua saratani ya tezi dume, aulizie PSA, kipimo cha damu cha kuchunguza tezi dume. Anayekojoa kwa shida au kuona damu kwenye mkojo aende hospitali leo, asipitie kwanza kwenye duka la virutubisho.