Msumbiji: Bunduki zilizobadilishwa kwa majembe zageuka viti

Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Msumbiji vilipomalizika mwaka 1992, silaha nyingi zilibaki mikononi mwa raia, nyingine zikiwa zimefukiwa ardhini. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, likiongozwa katika kazi hiyo na Askofu Dinis Sengulane, lilianza kuzikusanya kwa njia ambayo mfanyabiashara yeyote anaielewa: mali kwa mali. Aliyeleta bunduki alipewa jembe, cherehani au baiskeli. Kijiji kimoja kilikabidhi silaha zake kikapata trekta.

Silaha hizo zilikatwakatwa zisitumike tena, na baadhi ya vyuma wakapewa wasanii wa Maputo. Mmoja wao, Cristóvão Canhavato, maarufu kwa jina la Kester, aliunda kiti cha enzi mwaka 2001. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na jumba la makumbusho la British Museum, London.

Kwa jicho la msafirishaji, kiti hicho kinasomeka kama orodha ya shehena. Mgongo wake ni bunduki za G3 za Ureno, mkoloni wa zamani. Sehemu za kuwekea mikono ni AK47 za Umoja wa Kisovieti. Pa kukalia ni mitutu ya Poland na Czechoslovakia, na mguu mmoja wa mbele umetoka Korea Kaskazini. Hakuna bunduki hata moja iliyotengenezwa Afrika. Mzigo wote uliingia kutoka nje, bili wakalipa wenyeji.

Kester alichagua kiti kwa sababu katika jamii nyingi za Kiafrika kiti cha namna hiyo ni cha mkubwa anayesikilizwa. Juu ya mgongo, vitako viwili vya bunduki vinaonekana kama nyuso: matundu ya skrubu ndiyo macho, na mwanya wa mkanda ndio mdomo unaotabasamu. Mwenyewe ameeleza kwamba hakuzichonga. Alama hizo alizikuta.

Msanii mwenzake, Gonçalo Mabunda, aliyezaliwa mwaka 1975, ameendelea kutengeneza viti na vinyago vya vyuma hivyo, na kazi zake zimeuzwa hadi Ulaya.

Mzigo wa aina hii haufyatui risasi, lakini kwenye mashine ya ukaguzi bunduki huonekana bunduki. Anayepewa kuusafirisha adai kwanza karatasi za mamlaka zinazoonyesha kuwa silaha ziliharibiwa, na forodhani autaje kama ulivyo. Asiandike "samani" tu.