Kifaa cha GPS cha gari: Nunua ramani kwanza, mashine baadaye

DEREVA anayetoka Dar es Salaam kwenda Morogoro hahitaji mashine ya kumwonyesha njia. Barabara kuu ni moja, na safari nzima haifiki kilomita 200. Shida humwanza akishapita Msamvu, pale barabara za Dodoma na Iringa zinapoachana, hasa kama safari yake ni ya kupanda Milima ya Uluguru kwenda Mgeta, Kinole au Matombo.

Huko vibao vya barabarani ni vichache, njia panda ni nyingi, na mtandao wa simu hukatika mabondeni. Anayewahi msibani jioni, au aliyekodi gari kufuata mzigo wa mboga, akikosea njia panda moja anaweza kujikuta usiku umeingia akiwa kwenye njia nyembamba isiyo na mahali pa kugeuzia.

Ndiyo maana baadhi ya wenye magari hununua vifaa vidogo vya GPS vinavyobandikwa kwenye kioo cha mbele au juu ya dashibodi. Wapo wanaonunua kwa sababu skrini iliyokuja na gari haiwasaidii. Magari mengi yaliyotumika yanayoingia nchini hutoka Japani, na ramani iliyomo ndani yake ni ya huko huko, tena kwa maandishi ya Kijapani.

Hata hivyo, wengi huchagua kifaa kwa ukubwa wa kioo na jina la kampuni, kisha hugundua kuwa kitu walichokihitaji zaidi, yaani ramani ya Tanzania, hakimo.

Ili kuelewa kosa hilo, ni vyema kutenganisha mambo mawili. La kwanza ni kujua gari liko wapi. Kazi hiyo hufanywa kwa mawimbi ya setilaiti za Marekani zinazozunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 20,200. Kifaa hupima muda ambao mawimbi yametumia kusafiri, na kikizipata setilaiti angalau nne hukokotoa mahali kilipo. Setilaiti ya kwanza ya mfumo huo ilirushwa mwaka 1978, na mfumo ukakamilika mwaka 1995.

Hadi Mei 2000, Serikali ya Marekani ilikuwa ikipunguza makusudi usahihi wa mawimbi yanayotumiwa na raia, kiasi kwamba kifaa kiliweza kukosea kwa mita 100. Tangu kizuizi hicho kilipoondolewa, kosa la kawaida ni la mita chache tu. Huduma hiyo hailipiwi wala haihitaji bando.

Jambo la pili ni kujua njia, na hilo setilaiti hazilijui kabisa. Njia iko ndani ya ramani iliyohifadhiwa kwenye kifaa. Ramani ikiwa pungufu au ya zamani, kifaa cha bei kubwa kitamwonyesha dereva alama ya gari lake ikielea katikati ya uwanda mtupu.

Mfano mzuri uko katika Mkoa wa Morogoro wenyewe. Kwa miaka mingi magari yaliyotoka Ifakara kwenda Mahenge yalivuka mto Kilombero kwa kivuko. Mwaka 2018 lilizinduliwa daraja la mita 384 lililopewa jina la Rais John Magufuli. Ramani iliyochorwa kabla ya hapo haina daraja hilo, na mwenye kifaa hicho ataambiwa bado asubiri kivuko.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe: ramani iliyomo ni ya nchi gani, na ni ya mwaka gani? Vifaa vya kampuni kama Garmin na TomTom vinavyonunuliwa Ulaya au Marekani kwa kawaida huja na ramani za huko. Ramani ya Afrika Mashariki huweza kulipiwa peke yake, na gharama hiyo lazima ihesabiwe kabla ya kufurahia punguzo la bei ya mashine.

Kwa vifaa vya Garmin zipo ramani za Tracks4Africa, zinazopendwa na wasafiri wa njia za vumbi. Zipo pia zinazotokana na OpenStreetMap, mradi ulioanza mwaka 2004 ambao watu wa kujitolea huchora ramani na kuzigawa bure. Jijini Dar es Salaam, kazi ya Ramani Huria iliyoanza mwaka 2015 iliingiza humo mitaa na mifereji ya maeneo mengi yanayokumbwa na mafuriko.

Mnunuzi asiridhike na maelezo ya muuzaji. Aombe kifaa kiwashwe, kisha atafute Nyandira, kijiji kilichoko Mgeta, na aombe njia ya kutoka hapo hadi Matombo. Kipimo hicho ni kizuri kwa sababu sehemu hizo mbili hazipishani kwa zaidi ya takriban kilomita 20 ukipima kwa mstari ulionyooka, lakini katikati pamesimama mgongo wa Uluguru, wenye vilele vinavyozidi mita 2,600, na msitu wa hifadhi.

Mgeta iko magharibi, na gari huifikia kwa kuchepuka Sangasanga, karibu na Mzumbe. Matombo iko mashariki, na hufikiwa kwa kupitia Bigwa. Ramani inayofaa itamrudisha dereva chini hadi mjini Morogoro kabla ya kumpeleka upande wa pili. Ikimkatisha moja kwa moja mlimani, huenda imehesabu njia ya waenda kwa miguu kuwa barabara ya magari.

Mipangilio ya kifaa nayo ina uzito wake. Vifaa vingi humtaka mtumiaji achague kati ya njia fupi na njia ya haraka. Milimani, njia fupi mara nyingi ndiyo mbaya zaidi. Dereva wa gari dogo achague njia ya haraka na, inapowezekana, akiamuru kifaa kikwepe barabara zisizo na lami. Akikuta hakuna njia nyingine, angalau atakuwa amejua mapema.

Aidha, mnunuzi ahakikishe kifaa kinapokea namba za mahali, yaani latitudo na longitudo, kwa kuwa vijiji vingi havina majina ya mitaa. Mji wa Morogoro uko kwenye nyuzi 6 na dakika 49 kusini, na nyuzi 37 na dakika 40 mashariki. Anayesahau kuandika kusini atapelekwa kaskazini ya Ikweta, jirani na mji wa Sodo nchini Ethiopia. Anayeandika 6.49 badala ya nyuzi 6 na dakika 49 atakosea kwa takriban kilomita 36.

Wanaochukua namba kutoka ramani za zamani za karatasi wajue kuwa nyingi zilichorwa kwa kipimo cha Arc 1960, wakati GPS hutumia WGS 84. Tofauti ya vipimo hivyo hapa nchini ni kama mita 300, umbali unaotosha kumweka mtu ng'ambo ya korongo.

Kuhusu mashine yenyewe, mambo ya kukagua si mengi. Kioo cha inchi tano au zaidi chenye mwanga wa kusomeka juani kinatosha. Kishikizo kiwe imara, kwa kuwa barabara za vumbi hutikisa. Waya wa chaji upimwe kwa gari husika: magari madogo hutumia umeme wa volti 12, wakati malori mengi hutumia volti 24, na chaji isiyoandikiwa volti zote mbili inaweza kuungua.

Kifaa kinachopokea pia setilaiti za GLONASS za Urusi au Galileo za Ulaya kina nafuu katika mabonde membamba, ambako mlima huziba sehemu kubwa ya anga. Anayenunua kilichotumika aangalie tarehe kinayoonyesha. Hesabu ya wiki za GPS hurudi sifuri kila baada ya wiki 1,024, na iliporudi Aprili 2019, baadhi ya vifaa vya zamani visivyoboreshwa programu vilianza kusoma tarehe kimakosa.

Kabla ya kutoa fedha, ni busara pia kuijaribu simu iliyoko mfukoni. Simu janja nyingi zina kipokezi cha GPS, na programu kama Google Maps au Organic Maps huruhusu ramani kupakuliwa ukiwa nyumbani na kutumika bila mtandao. Udhaifu wa simu ni kwamba hupata joto juani, humaliza chaji haraka, na inapopigwa humvuta dereva macho. Kwa safari za mara moja moja inatosha. Kwa anayeendesha kila wiki, kifaa maalumu bado kina faida.

Hata hivyo, hakuna kifaa kinachojua kuwa mvua ya masika imekata barabara usiku wa jana. Kati ya Machi na Mei, njia za Uluguru huteleza na kingo zake huporomoka, huku ramani ikiendelea kuzionyesha kana kwamba ni kavu.

Taarifa hiyo wanayo madereva wa magari ya mboga wanaoteremka alfajiri kutoka Mgeta. Anayefika Sangasanga na kifaa chake kipya afanye kile walichofanya waliomtangulia: asimamishe gari, awasalimie, na aulize njia ikoje leo.